Ulaya: Sarafu Moja, Mifuko Mbali Mbali

Aghalabu sisi wa Visiwani huitazama Ulaya kama bohari lisilokwisha mali. Watalii wengi wanaoteremka katika kiwanja chetu cha ndege wanatoka huko. Mikopo na misaada inatoka huko. Na wataalamu wanaokuja kutufunza namna ya kupanga bajeti nao, mara nyingi, wanatoka huko. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kustaajabu akiambiwa kwamba Ulaya hiyo hiyo, tangu mwaka 2009 hadi leo, inahangaika na suala moja la uchumi ambalo haijalipatia jawabu. Mali ipo. Suala lisilo jawabu ni hili: yakifika maafa, nani alipe?

Nchi hizo zimeunganisha sarafu lakini hazikuunganisha hazina. Kutokana na hilo, kila dhoruba inapovuma mzigo humwangukia aliye dhaifu, na sheria hulegezwa pale zinapombana mwenye nguvu. Inafaa viongozi na wananchi wetu waifahamu habari hii vyema. Hatuielezi kwa kuwacheka wenzetu. Tunaieleza kwa sababu Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo imetia saini kuifuata njia hiyo hiyo.

ASILI YA TATIZO

Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari 7, 1992, ndio uliofungua mlango wa sarafu ya euro. Sarafu hiyo ilianza katika vitabu vya mabenki Januari 1, 1999 kwa nchi 11, na noti zake zikaanza kupita mikononi mwa watu Januari 1, 2002. Bulgaria ilipoingia Januari 2026, idadi ya nchi ikafikia 21. Benki Kuu ya Ulaya iliyoko Frankfurt ndiyo inayopanga riba kwa ajili ya wote. Lakini kodi, mishahara, pensheni na madeni vimebaki kuwa dhima ya kila Serikali peke yake, na bajeti ya Umoja wa Ulaya wenyewe ni takriban asilimia 1 tu ya pato la nchi wanachama.

Nchi yenye sarafu yake, mambo yanapoiendea kombo, ina njia ya kupumulia. Huishusha thamani sarafu hiyo, bidhaa zake zikawa rahisi kwa wanunuzi wa nje, na wageni wakavutika kuja. Wananchi huumia, kwani vitu kutoka nje hupanda bei, lakini viwanda na mahoteli hubaki wazi. Nchi iliyomo ndani ya sarafu ya pamoja haina njia hiyo. Ikitaka bidhaa zake ziwe rahisi, hapana budi ikate mishahara ya watu wake.

Palipo na hazina moja, machungu hayo hupunguzwa kwa njia nyengine. Nchini Marekani jimbo likikumbwa na janga, wazee wake huendelea kupata pensheni na matibabu kutoka hazina ya Washington, inayotumia zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa zima. Ulaya iliifunga njia ya kwanza bila ya kuifungua hii ya pili. Badala yake iliweka masharti mawili: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni la Serikali lisizidi asilimia 60.

Inafaa kuijua asili ya hiyo asilimia 3, maana watu huitaja kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni. Ilibuniwa mwaka 1981 na maofisa vijana wa wizara ya bajeti ya Ufaransa, kwa sababu Rais François Mitterrand alihitaji kipimo chepesi cha kuwazuia mawaziri wake wasidai fedha bila ya kiasi. Haikutokana na utafiti wowote mzito. Miaka 11 baadaye ikaingizwa katika mkataba wa Maastricht na kuwa sheria ya mataifa.

Sheria hiyo haikukawia kutiwa majaribuni. Mwaka 2003 walioivunja walikuwa wakubwa wenyewe, Ujerumani na Ufaransa. Kamisheni ya Ulaya ilitaka hatua zichukuliwe, lakini Novemba mwaka huo mawaziri wa fedha wakaamua kuzisimamisha hatua hizo. Mahakama ya Ulaya ilisema mwaka 2004 kwamba uamuzi ule haukuwa halali. Mwaka 2005 masharti yenyewe yakalegezwa. Hapana aliyetozwa faini. Madola madogo yaliliona hilo na kulitia akilini.

UGIRIKI NA CYPRUS

Oktoba 2009 Serikali mpya ya Waziri Mkuu George Papandreou ilitangaza kwamba nakisi ya Ugiriki ilikuwa kubwa mno kuliko ilivyoandikwa na Serikali iliyotangulia. Hesabu zilipokamilika, ilionekana kuwa imepindukia asilimia 15 ya pato la taifa. Hapana anayeweza kuwatetea waliozificha hesabu hizo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Serikali za Athens zilikopa kama mwenye harusi. Lakini kila mkopaji ana mkopeshaji wake. Mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yalikuwa yakiikopesha Ugiriki kwa furaha, kwa riba iliyokaribia sana ile ya Ujerumani, kana kwamba kuwa na sarafu moja ni sawa na kuwa na hazina moja.

Mei 2010 nchi za euro na Shirika la Fedha la Kimataifa ziliipa Ugiriki mkopo wa euro bilioni 110. Ukafuata wa pili mwaka 2012, na wa tatu mwaka 2015. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikukaa Athens. Ilipita tu kwenda kuwalipa wadai na kuyatia mtaji mabenki. Masharti ndiyo yaliyobaki kwa wananchi. Mishahara ilikatwa, pensheni zikapunguzwa mara baada ya mara, na kodi zikapandishwa. Uchumi ulinywea kwa takriban robo nzima, na mwaka 2013 zaidi ya asilimia 27 ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Mwaka huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa lilikiri katika ripoti yake kwamba lilikuwa limeyakadiria madhara ya ubanaji huo chini mno ya yale yaliyotokea.

Julai 5, 2015 wananchi wa Ugiriki waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanayakubali masharti mapya, na zaidi ya asilimia 61 wakakataa. Wakati huo mabenki yalikuwa yamefungwa na mtu aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Haikupita wiki mbili, Serikali ile ile ya Alexis Tsipras iliyoitisha kura ikayakubali masharti yasiyokuwa laini kuliko yaliyokataliwa. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Katika masharti ya mwaka 2015 limo moja ambalo msomaji wa Visiwani atalielewa bila ya kufafanuliwa. Kwa muda mrefu visiwa vya Ugiriki vilikuwa na unafuu wa asilimia 30 katika viwango vya kodi ya ongezeko la thamani, kwa hoja kwamba mtu wa kisiwani hulipa nauli ya meli juu ya kila gunia la unga na kila bati la kuezekea. Wadai walitaka unafuu huo uondolewe. Ukaanza kuondolewa Oktoba 2015, kwanza katika visiwa vya watalii kama Rhodes, Santorini na Mykonos, kisha vyengine vikafuata. Hoja ya nauli ya meli haikujibiwa. Iliwekwa kando tu, kwa kuwa waliokuwa mezani walikuwa wakitafuta mapato.

Cyprus nayo ni kisiwa, na kisa chake ni kizito zaidi. Mabenki yake yalikuwa yamekua mara kadhaa kuliko uchumi wa nchi, na yalikuwa yamenunua kwa wingi hati za deni la Ugiriki. Ilipoamuliwa mwaka 2012 kwamba hati hizo zikatwe kwa zaidi ya nusu ya thamani yake ya maandishi, mabenki ya Cyprus yakabaki na shimo yasiyoweza kulijaza. Juni 2012 kisiwa hicho kikaomba msaada. Mpango wa kwanza uliotoka Brussels ulikuwa kukata sehemu ya akiba ya kila mwenye fedha benki, hata mjane mwenye euro elfu chache. Bunge la Cyprus likaukataa Machi 19, 2013.

Mpango uliopita uliwaacha salama wenye akiba isiyozidi euro 100,000. Benki ya pili kwa ukubwa, Laiki, ikafungwa. Katika benki kubwa kuliko zote, Bank of Cyprus, asilimia 47.5 ya akiba iliyozidi kiwango hicho iligeuzwa kuwa hisa za benki iliyokwisha kuanguka. Mabenki yalifungwa kwa karibu wiki mbili. Yalipofunguliwa, mtu aliweza kutoa euro 300 kwa siku, na vikwazo vya kupeleka fedha nje ya kisiwa havikumalizika hadi Aprili 2015. Kwa hivyo kwa muda wa miaka miwili euro iliyowekwa Nicosia haikuwa sawa na euro iliyowekwa Frankfurt, ijapokuwa noti ni ile ile na saini juu yake ni ile ile.

MARADHI YALIPOWAFIKA WAKUBWA

Mwaka 2020 maradhi ya korona hayakubagua. Yaliipiga Italia, ambayo uchumi wake ni wa tatu kwa ukubwa katika nchi za euro, na hapo ndipo jambo lililokuwa likiitwa muhali lilipowezekana. Masharti ya nakisi na deni yalisimamishwa Machi 2020 na hayakurudi kazini hadi mwaka 2024, tena kwa sura mpya. Julai 21, 2020, baada ya siku nne za mabishano, viongozi wa nchi 27 walikubaliana mjini Brussels kukopa kwa jina la Umoja wenyewe euro bilioni 750 kwa bei za mwaka 2018. Katika hizo, bilioni 390 zilikuwa ruzuku zisizorudishwa na nchi zinazopokea. Uholanzi, Austria, Sweden na Denmark zilipinga kwa nguvu kabla ya kukubali.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini ulipitishwa kwa sharti kwamba ni wa mara moja tu. Deni hilo litalipwa kuanzia mwaka 2028 hadi mwaka 2058, na hadi kufikia mwisho wa mwaka 2025 nchi wanachama zilikuwa hazijaafikiana ni mapato gani mapya ya pamoja yatakayolilipa. Mambo ya kodi katika Umoja wa Ulaya hupitishwa kwa kauli moja ya nchi zote 27, na dola moja likikataa, shauri limekwisha.

MIZIGO ILIYOFIKA PAMOJA

Suala hilo lisilo jawabu sasa linakutana na mizigo minne kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni nishati. Mwaka 2021 takriban asilimia 45 ya gesi iliyoingizwa katika Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi, na viwanda vya Ujerumani vilijengwa juu ya urahisi wake. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, msingi huo ukabomoka. Mfumuko wa bei katika nchi za euro ulifikia asilimia 10.6 Oktoba 2022, na Benki Kuu ikapandisha riba kutoka chini ya sifuri hadi asilimia 4 ilipofika Septemba 2023. Uchumi wa Ujerumani ukanywea mwaka 2023 na tena mwaka 2024.

Wa pili ni silaha. Mjini The Hague, Juni 2025, wanachama wa NATO, wengi wao wakiwa nchi za Ulaya, waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2035 matumizi ya ulinzi na mambo yanayohusiana nayo yafikie asilimia 5 ya pato la taifa. Wa tatu ni wazee. Kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, Umoja wa Ulaya una watu wasiofika watatu wa umri wa kufanya kazi. Wa nne ni viwanda, vinavyosukumwa huku na bidhaa za China na huku na ushuru wa Marekani, ambao katika mapatano ya Julai 2025 uliwekwa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya.

Septemba 2024 Mario Draghi, aliyekuwa Rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alitoa ripoti aliyoagizwa na Kamisheni. Alikadiria kwamba Ulaya inahitaji kuongeza vitega uchumi vya euro bilioni 750 hadi 800 kila mwaka ili isiachwe nyuma, na akashauri baadhi ya fedha hizo zikopwe kwa pamoja. Waziri wa Fedha wa Ujerumani wa wakati huo, Christian Lindner, hakukawia kulikataa shauri hilo. Miezi miwili haikutimia, Serikali aliyokuwemo ikavunjika kwa ugomvi wa bajeti na kanuni ya Katiba ya Ujerumani inayozuia kukopa.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Machi 2025 Bunge la Ujerumani liliibadilisha Katiba. Matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yakatolewa nje ya kanuni hiyo, na ukaanzishwa mfuko wa euro bilioni 500 kwa ajili ya reli, madaraja na mengineyo. Ugiriki ilipoomba mwaka 2015 nafasi ya kupumua ili ikuze uchumi, iliambiwa kanuni ni kanuni. Hatusemi kwamba Ujerumani imekosea kukopa. Deni lake si kubwa na reli zake zimechakaa. Tunasema kwamba kanuni iliyoitwa hekima ya milele iligeuzwa kwa kura za wiki moja, mwenye kanuni alipoona inambana.

Ufaransa, kwa upande wake, haina nafasi kama hiyo. Nakisi yake mwaka 2024 ilikuwa asilimia 5.8, karibu mara mbili ya kipimo ilichokibuni yenyewe. Kwa ugomvi wa bajeti, Bunge liliiangusha Serikali ya Michel Barnier Desemba 2024 na ya François Bayrou Septemba 2025. Sheria ya mwaka 2023 ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, iliyopitishwa bila ya kura ya mwisho katika Bunge la Taifa, ilisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2025. Kila kundi nchini humo linakubali kwamba deni ni zito, na kila kundi linataka mwengine alibebe.

YANAYOTUHUSU

Kwetu sisi, athari za mambo haya zimeshaanza kuonekana. Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi zimepunguza fedha za misaada, na Uingereza, ingawa imejitoa katika Umoja huo, ilitangaza Februari 2025 kwamba itaipunguza misaada yake ili kugharamia ulinzi. Ofisi yoyote inayopanga mradi wa maji, skuli au zahanati kwa kutegemea fedha za huko inapaswa kuwa na hadhari. Hoteli zinazomngoja mgeni wa Ulaya nazo zikumbuke kwamba mgeni huyo analipa gesi ghali zaidi kuliko alivyolipa miaka mitano au sita iliyopita.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile la sarafu. Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa sarafu ya pamoja. Zanzibar iliingia mwaka 1936 katika shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Bodi hiyo ilikuwa chombo cha mkoloni, na nchi zilipojitawala kila moja ilitaka kupanga maendeleo yake. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Novemba 2013, mjini Kampala, nchi tano zilitia saini itifaki ya umoja wa sarafu. Lengo lilikuwa mwaka 2024. Likapita, na sasa linatajwa mwaka 2031, wakati Jumuiya imekwisha kuwa na wanachama wanane.

Tuyatazame masharti ya itifaki hiyo: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, deni lisizidi asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni itosheleze miezi minne na nusu ya uagizaji, na nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3. Ile ile asilimia 3 iliyobuniwa Paris kwa ajili ya kuwanyamazisha mawaziri imesafiri hadi Maastricht na kutua Kampala. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema manahodha wetu.

Sisi wa Visiwani tunalijua suala hili kuliko wengi. Sarafu yetu ni moja na ya Bara, ilhali Serikali ni mbili na kila moja ina bajeti yake. Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara za 133 na 134, ikaweka Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha. Kila mwenye kufuatilia mazungumzo ya Muungano anajua jinsi lilivyo gumu suala la mchango na mgao, hata baina ya ndugu wawili. Baina ya mataifa manane litakuwa gumu zaidi, na haifai liachwe hadi noti zimeshachapwa.

Kisiwa kinachotegemea watalii na karafuu hakipigwi na dhoruba ile ile inayompiga mchimba madini wa Kongo au mkulima wa chai wa Kenya. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja, hapa kwetu mpishi, mwenye mashua na muuza samaki walikosa riziki kwa pamoja. Likitokea tena wakati riba inapangwa mbali na kwa ajili ya mataifa manane, msaada utatoka mfuko gani? Utatolewa kwa haki iliyoandikwa, au kwa kuomba? Na dola kubwa likivunja masharti kama zilivyofanya Ujerumani na Ufaransa mwaka 2003, nani ataliadhibu?

Hatusemi kwamba umoja ni mbaya. Cyprus haikujitoa katika euro baada ya mateso yake, na Ugiriki nayo ilibaki. Kuna faida katika sarafu isiyotikisika ambayo mdogo peke yake hawezi kuijenga. Tunachosema ni kwamba haki ya mdogo huwekwa kabla ya safari. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wajumbe wetu watakaokaa katika vikao vya Jumuiya kabla ya mwaka 2031 wayachukue maswali hayo matatu, wayaweke mezani, na wasikubali saini nyengine hadi yamepata majibu ya maandishi.